Jibu: Vifaranga vya samaki pundamilia kufia kwenye agarosi

Habari mkuu wa Nyegezi. Unasema vifaranga vya siku 6 vinakufa ukishavishikiza kwenye agarosi (jeli ya mwani ya kuvizuia visisogee), kabla hujarekodi shughuli za ubongo. Pima kwanza joto la agarosi, usikisie kwa kidole. Tumia ile inayoyeyuka kwa joto dogo, asilimia 2, na isubiri ishuke hadi nyuzi 37 hivi ndipo umimine. Ikiganda, funika kwa maji uliyofugia, nyuzi 28. Ya bomba yenye klorini hapana. Hata ya ziwani siyaamini. Kisha kata agarosi ya mkiani: mkia ukijitikisa na moyo ukionekana unadunda kwa darubini, endelea. Dawa ya usingizi ioshe kabisa, maana inazima neva, na kiashiria cha kalsiamu, kile kinachong'aa neva zikifanya kazi, hakitang'aa.