Boti Imetoka Majini, Pikapu Imekwama: Tairi Mbili ama 4x4?

SWALI: Habari Fundi. Mimi nafuga samaki kwa vizimba, nabeba chakula yao na boti ya faiba ya futi 20, pamoja na trela na injini inafika kama kilo 1,200. Siwezi iacha ufukweni usiku juu injini itaenda na watu, so natoa kila jioni, wiki zingine niko hapa Kisumu mahali pamewekwa zege, wiki zingine niko Usenge kwa mchanga na matope. Nimepata pikapu mbili bei moja, zote dizeli za gia za mkono: moja ni ya 2016, inavuta na tairi za nyuma peke yake, ingine ni dabo kabu 4x4 ya 2009. Shemeji anasema 4x4 itanimaliza na mafuta, jirani anasema bila 4x4 nitakuwa nalala ziwani. Nisikie nani?
Mfugaji, Kisumu

JIBU: Ndugu yangu, wote wawili wako sawa, ni vile kila mtu anaongea juu ya barabara yake. Kwa lami shemeji ameshinda. Kilo 1,200 si mzigo wa kutisha pikapu ya dizeli, na kutoka Kisian mpaka Bondo mpaka Usenge 4x4 haikuongezei nguvu hata kidogo, haikusaidii kusimama haraka, ile difu ya mbele (difu ni ile gia inagawia tairi ya kushoto na ya kulia nguvu) na ile gia boksi ya pili ni chuma unatembeza tu ukiilipia dizeli. Shida yako iko mita kumi za mwisho, na hizo wewe unapanda kila jioni.

Angalia vile gari inakaa ukirudisha trela kwa maji. Pikapu ikiwa tupu uzito mwingi uko mbele kwa injini, nyuma ni nyepesi, na hiyo nyuma nyepesi ndio inavuta, tena imesimama pale chini kabisa penye boti zote zimemwaga maji na pameota ule utelezi wa kijani. Tairi za mbele ziko juu kwa mahali pakavu, zimeshika vizuri, na kwa gari ya tairi mbili hazina kazi. Boti ikiwa bado inaelea huskii uzito, unajidanganya mambo ni poa, halafu inatoka kwa maji na uzito wote unakuja mara moja wakati tairi za nyuma bado ziko kwa utelezi. Hapo ndo watu wanakwama, na hapo ndo zile tairi mbili za mbele ungezililia.

Mimi haya yamenipata Kendu Bay, mwezi wa nne, mvua imenyesha usiku kucha, nikiwa na pikapu ya tairi mbili. Tairi ya kushoto nyuma ikazunguka ikirusha tope mpaka kwa boti, ya kulia imetulia tu kama imezimwa, juu difu ya kawaida ikipata tairi moja haina mshiko inamaliza nguvu yote huko. Tulitafuta mifuko minne ya mchanga tukaweka nyuma juu ya ekseli, tukapunguza upepo wa tairi mpaka PSI 20, vijana wakasukuma, ikatoka. Lakini klachi ilikuwa inanuka mpaka barabarani, na tulipofungua gia boksi wiki iliyofuata flaiwili, ile sahani ya chuma klachi inashika, ilikuwa na madoa ya bluu ya moto.

Na hiyo klachi ndio sababu mimi nakuambia chukua 4x4. Wengi hudhani 4x4 ni ya matope tu. Kwa mtu wa boti faida kubwa ni ile gia ya chini, ile lo. Na gari ya mkono ya tairi mbili, kupanda polepole na mzigo lazima uchezee klachi nusu nusu, kila jioni, na klachi haivumilii hiyo. Ukiweka lo unaachilia klachi yote, gari inatambaa yenyewe kama kobe, boti inatoka bila kuruka na wewe uko na mguu chini ya kiti umepumzika. Kama ungekuwa unatoa boti mara moja kwa mwezi, ama kwa zege peke yake, ningekuambia bila wasiwasi uchukue ile ya 2016.

Lakini hiyo ya 2009 usinunue kwa picha. Mwambie mwenye gari muende mahali pa udongo, si lami, aweke 4x4 mbele yako, halafu lo. Leva ikikataa kuingia ama taa ya dashibodi inawaka tu bila tairi za mbele kuvuta, jua haijatumika miaka. Fungua nati ya difu ya mbele uangalie oili, ikiwa na rangi ya chai ya maziwa maji yameingia. Shika zile raba za ekseli za mbele uone kama zimepasuka na grisi imerukia rimu. Lala chini uangalie chesisi pale nyuma, gonga na spana, sauti ikiwa kama ya debe achana nayo. Gari ikifeli kwa lo ama kwa chesisi, nunua ya 2016, ongeza kamba nzuri ya mita 20 uwe unaacha pikapu juu kwa pakavu na kuvuta trela kwa kamba, watu wawili wakiongoza mkono wa trela. Inachosha lakini inafanya kazi.

Kitu kingine hujauliza. Watengenezaji wengi wa pikapu wanaweka kikomo cha kilo 750 kwa trela haina breki zake, na wewe uko 1,200. Wekea trela breki zake kabla hujashuka mteremko wowote. Na ukifika Usenge usirudishe trela kwa maji saa hiyo hiyo, habu, pale katikati ya tairi penye beringi, zikiwa moto zikiguswa na maji baridi zinavuta maji ndani na beringi zinakufa. Kunywa chai kwanza nusu saa.

SWALI: Fundi, mimi ni wa Nakuru, napeleka boti ndogo Naivasha. Mvua ikianza naweka 4x4 kwa lami nijisikie salama. Kuna fundi ameniambia naua gari. Ni ukweli?

JIBU: Ni ukweli. Pikapu nyingi za 4x4 hazina difu ya katikati, ile inaacha ekseli ya mbele na ya nyuma zizunguke kwa mwendo tofauti, na ukikata kona ekseli ya mbele inatembea mbali kuliko ya nyuma. Kwa matope tairi zinateleza kidogo zinasawazisha, kwa lami kavu hakuna pa kuteleza, chuma inajikunja ndani. Kwa lami imelowa ukienda moja kwa moja si mbaya sana, lakini ikianza kukauka toa. Ukiskia usukani mzito na gari kama inashikwa ukiingia petroli stesheni, ndio hiyo, na leva ikikataa kutoka usiilazimishe, rudi nyuma mita chache ukiwa umenyoosha usukani halafu uvute tena.