Kibali cha kampuni hakimfundishi aliyebeba bomba la dawa

Mkuu, umeuliza kama wewe uliyeajiriwa kupiga dawa kwenye maghala na nyumba za wageni unahitaji mafunzo na cheti chako, maana bosi anasema kibali cha kampuni kinatosha. Nimefanya kazi hii ya fumigesheni hapa Mwanza, Nyakato mpaka Kirumba, na nakwambia usikubali jibu hilo.

Msimamizi wa viuatilifu nchini ni TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, yenye makao Arusha. Iliundwa kwa Sheria ya Afya ya Mimea ya 2020 na ikachukua kazi za TPRI, ile taasisi ya utafiti wa viuatilifu tuliyoizoea. Karatasi iliyobandikwa ofisini inamruhusu bosi kufanya biashara. Anayeshika dawa ni wewe, kwa hiyo wewe ndiye wa kufundishwa. Mwombe bosi akupeleke mafunzo kwa gharama yake, na cheti kitoke kwa jina lako, maana kampuni utahama.

Chukua vidonge vya ghalani, vile vya aluminiamu fosfaidi. Havichanganywi na maji: vikikutana na unyevu wa hewa tu vinatoa gesi ya fosfini, na hewa ya ziwani unaijua ilivyo. Gesi hiyo haina dawa ya kuipindua mwilini. Barakoa ya kitambaa haizuii chochote. Halafu utasikia mtu asiyefundishwa ameambiwa aweke vidonge hivyo chumbani kwa ajili ya kunguni, na chumba cha pili kuna mgeni amelala na mtoto! Gesi inapita kwenye nyufa za mlango na dari. Ukiambiwa ufanye hivyo, kataa, hata kama kibarua kitaota nyasi.

Vifaa vya kujikinga ni jukumu la mwajiri, na usikatwe mshahara kwa ajili ya glavu. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, ile inayosimamiwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini, inataka pia upimwe afya unapoanza kazi na baadaye kila kipindi. Kama mnatumia dawa za jamii ya oganofosfati, uliza habari ya kipimo cha damu cha kolinesterasi, kimeng'enya cha mwili ambacho dawa hizo hukizuia, kwa sababu sumu hiyo inaweza kukudhuru kidogo kidogo huku unajiona mzima. Michango ya WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, nayo hulipa mwajiri peke yake, hakikisha umeandikishwa.

Jambo lingine, na hili linaniuma sana: msioshe bomba ziwani wala mtaroni. Dawa nyingi za mbu na mende ni za jamii ya pairethroidi, na kiasi kidogo sana kinaua samaki. Maji ya kusuuzia yarudishe ndani ya bomba, uyapulizie palepale ulipokuwa unapiga dawa.

Bosi akikataa kukupeleka, ulizia ofisi ya OSHA hapa Mwanza, ueleze unachofanya na dawa unazopewa. Piga picha lebo za makopo uende nazo.