Nisome elimu au kompyuta?

SWALI: Nina shahada ya kompyuta na nimefundisha hisabati miaka mitatu. Nataka kuwa mtafiti wa teknolojia ya kujifunzia. Nijiunge na idara ipi?
Mwalimu mwenye shauku

JIBU: Mwalimu mwenzangu, tafuta msimamizi kwanza, idara itafuata. Fani hii ilizaliwa kati ya idara. Seymour Papert, mmoja wa waliobuni Logo, lugha ya kuandikia programu za kompyuta iliyolenga watoto, mwaka 1967, alikuwa mwanahisabati aliyewahi kufanya kazi na Jean Piaget, mchunguzi wa fikra za watoto.

Mimi nilitokea kompyuta. Miezi minane ya mwanzo ya uzamivu niliunda programu ya kufundishia hesabu za sehemu (kama nusu na robo) bila kumwonyesha mwanafunzi hata mmoja. Siku nilipoketi nyuma ya msichana wa miaka kumi, alibonyeza kitufe cha dokezo mara nne mfululizo, akanakili jibu, akasonga mbele. Kumbukumbu za programu zilisema amefaulu. Nilipompa karatasi na swali lilelile, alinyamaza. Swali langu la utafiti lilizaliwa pale, na bado ninalifanyia kazi.

Wewe umeshaketi na wanafunzi miaka mitatu. Usiuone huo kuwa muda uliopotea! Ongeza takwimu na mbinu za kuhoji watu.

Jambo moja la kuuliza mapema: katika kompyuta, makala za mikutano kama CHI, mkutano wa watafiti wa jinsi watu wanavyotumia kompyuta ulioanza 1982, zina uzito mkubwa. Baadhi ya idara za elimu huthamini zaidi majarida. Mwulize msimamizi kazi yako itapimwa kwa kipi.