Jibu: Huyo "mtumiaji wa wastani" hayupo

Mkuu, umeuliza kwa nini jaribio la mzigo (kuupa mfumo watumiaji wengi wa kuigiza uone kama utahimili) lilipita vizuri, halafu mfumo ukalemewa siku ya kwanza tu kazini. Shida iko kwenye wastani: ulichukua maombi yote ambayo watumiaji huituma seva, ukagawanya, ukapata "mtumiaji" mmoja na kumrudia mara elfu.

Rudi kwenye kumbukumbu za seva. Kila sesheni (ziara moja ya mtumiaji, tangu aingie hadi atoke) ipe vipimo vichache: idadi ya maombi, uwiano wa maombi ya kuandika kwa maombi yote, baiti zilizosafirishwa, sekunde za kutulia kati ya ombi na ombi. Kisha zipange kwa makundi. K-means, mbinu ya kugawa data kwenye makundi ya vinavyofanana, inatosha kuanzia. Ila sawazisha vipimo kwanza, yaani vyote viwe kwenye skeli moja! Baiti hufika mamilioni, uwiano unaishia 1. Ukiacha hivyo baiti zitameza kila kitu, ubaki na "mafaili makubwa" na "mafaili madogo" basi. Mimi hilo lilinila siku nzima.

Usifanye kitovu cha kundi (wastani wa sesheni zake) kuwa kesi ya jaribio, utakuwa umeurudisha wastani kwa mlango wa nyuma. Chota sesheni halisi ndani ya kila kundi, kwa kadiri ya ukubwa wake. Na kale kakundi kadogo ka watu wanaovuta ripoti ya mwaka mzima usikatupe. Mara nyingi ndiko kanakofunga jedwali la hifadhidata na kuwasimamisha wengine wote.

Halafu nyakati za kuwasili: maombi huja kwa mafungu. Ukiyatuma kwa nafasi sawa, foleni haijengeki na utadanganyika vilevile.