Nafuu ya serikali kwenye hita ya maji ya sola iko kwenye profoma

Watu wa Mtwara tukisikia mtu anafunga hita ya maji, kwanza tunacheka. Joto lote hili, unachemsha ya nini? Kicheko kinakwisha mwezi wa sita, kusi ikishaanza kuvuma na simtanki imelala nje usiku kucha. Kinakwisha pia kwenye nyumba yenye mzazi, maana mama aliyejifungua anakandwa kwa maji moto, na aliyewahi kuhudumia jiko la kazi hiyo mpaka arobaini inatimia anajua kuni zinavyoteketea. Mimi naendesha gesti ndogo huku Shangani. Wanunuzi wa korosho wakiteremka msimu ukifunguliwa, na wale wageni wanaotoka Njombe waliozoea baridi ya kwao, hawaulizi kama chumbani kuna televisheni. Wanauliza kama bafuni kuna maji ya moto.

Tangu hita ya sola ionekane juu ya paa langu, swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Serikali inakurudishia shilingi ngapi?" Hairudishi kitu. Hakuna fomu ya kujaza wala hela inayoingia kwenye simu baada ya kufunga. Serikali yetu inachofanya ni kuacha kutoza kodi, na nafuu ya namna hiyo unaipata au unaikosa palepale unapolipa. Ukishatoka dukani, habari imekwisha. Ndiyo maana nawaambia watu waisome profoma, ile karatasi ya bei unayopewa kabla ya kulipa, kuliko wanavyosoma kitabu cha maelekezo.

Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani (VAT) ya mwaka 2014 ina jedwali la bidhaa zilizosamehewa. Mle zimetajwa paneli za sola, chaja kontrola, inveta na betri za sola, pamoja na kinachotuhusu hapa: vikusanya joto la jua vya mirija ya vakyumu. Ni ile mirija mirefu ya kioo, ndani imepakwa rangi ya giza, inayopangwa sambamba chini ya tangi la mviringo. Aina ya pili ya hita, ile ya sanduku bapa lenye kioo juu na mabomba ya shaba ndani, haikutajwa kwa jina. Si kwamba ni mbovu. Kwa nyumba yenye watoto wanaorusha mawe kwenye mwembe, mimi ningesema ni imara zaidi. Ila muuzaji akikutoza VAT kwenye bapa ana pa kusimamia. Akikutoza kwenye mirija, hana.

Sasa angalia inavyokuwa dukani. Duka moja la Dar lilinitumia profoma ya mstari mmoja: "Mfumo wa maji moto, seti kamili", na chini yake VAT asilimia 18 ya jumla yote. Mirija, tangi, stendi, mabomba, valvu, usafiri na ufundi vimefungwa furushi moja. Nikawaandikia kwa adabu, nikaomba kila kitu kiwe na mstari wake na bei yake. Profoma ya pili ilikuja imebadilika sura: mirija haina VAT, mabomba ya PPR (plastiki inayohimili maji moto) na ufundi vina VAT, na hiyo ni haki yao kabisa. Tulivutana kwenye tangi. Wao walisema tangi ni tangi. Mimi nikasema tangi hili limetobolewa matundu ya mirija ubavuni, ukilinunua peke yake huwezi hata kuwekea maji ya kunywa, yatamwagika yote. Mwishoni walikubali kuandika mirija na tangi lake kuwa kifaa kimoja. Nawe ukikwama hapo, chukua profoma uende nayo ofisi ya TRA ya mkoa kabla hujatoa hela. Kuuliza ni bure, na mle ndani wako watu wanaojua jedwali hilo kuliko muuzaji.

Tuseme kifaa ni shilingi 1,500,000. Asilimia 18 yake ni 270,000. Hiyo inalipia mabomba, valvu, na fundi bomba anabaki na chenji ya soda. Lakini usitegemee kwamba bei ya duka la haki itakuwa pungufu kwa kiasi hicho chote. Bidhaa iliyosamehewa haiko sawa na ile inayotozwa asilimia sifuri. Mwenye duka anayeuza bidhaa ya msamaha hawezi kudai arudishiwe VAT aliyolipa yeye kwenye gharama zinazohusu bidhaa hiyo, kama pango na usafiri, kwa hiyo sehemu ya gharama hizo anaifukia kwenye bei. Huo si wizi, ndivyo sheria ilivyo. Wizi ni pale duka ambalo halijasajiliwa VAT kabisa linapoandika mstari wa VAT kwenye karatasi. Duka dogo ambalo mauzo yake hayafiki kiwango cha kusajiliwa halina ruhusa ya kukutoza hata senti ya kodi hiyo. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Ikiwa muuzaji anatoza VAT, inaonekana pale.

Kuna nafuu nyingine usiyoiona kwa macho. Jedwali la tano la Sheria ya Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 linasamehe ushuru kwa vifaa maalumu vya nishati ya jua na upepo. Hiyo inamalizwa bandarini na anayeagiza. Wewe wa Lindi au Masasi huna la kufanya nayo, isipokuwa kumkumbusha muuzaji anayelalamika kwamba "ushuru umepanda".

Mwenye mpango wa hoteli kubwa, labda kule Kilwa Masoko au Mikindani, aangalie njia ya cheti cha uwekezaji, kinachompa mwekezaji nafuu za kodi. Sheria ya Uwekezaji ya mwaka 2022, ambayo mwaka 2025 ilifutwa na kuwekwa nyingine, ilishusha kiwango cha mtaji kwa Mtanzania hadi dola 50,000. Sisi wa gesti za vyumba vichache hatufiki huko. Na kina mama wenye saluni za pamoja, wanaosafisha nywele za watu kutwa nzima: ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa wenye ulemavu, inakopeshwa bila riba. Kikundi kikiandika hita ya sola kwenye andiko la biashara kama chombo cha kazi, sioni kwa nini ikataliwe.

Mpwa wangu aliyeko Texas aliwahi kunitumia makala ndefu ya "asilimia 30 ya gharama unarudishiwa kwenye kodi". Ilikuwa kweli, lakini ya kwao. Nafuu hiyo ya Marekani ilitaka nyumba iwe nchini mwao, hita iwe na cheti cha ubora, walau nusu ya nishati yake itoke kwenye jua, na maji yasiwe ya bwawa la kuogelea. Na kwa sheria waliyopitisha mwaka 2025, vifaa vilivyofungwa baada ya Desemba 31, 2025 havimo tena. Mtu asikuuzie hita hapa kwa maneno hayo. Ningeulizwa tuige wapi, ningesema Tunisia. Tangu 2005 wana mpango uitwao PROSOL: serikali inachangia sehemu ya bei, kinachobaki ni mkopo unaolipa kidogo kidogo kupitia bili ya umeme. Kenya mwaka 2012 ilijaribu njia ya amri, kwamba jengo linalotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku lifunge sola. Mimi na amri hatupatani sana. Mtu wa Mtwara ukimpa mkopo unaolipika anafunga mwenyewe. Ukimpa amri anatafuta mjomba wa halmashauri.

Kabla ya yote hayo, piga hesabu kama unaihitaji. Kupasha lita 100 kutoka joto la kawaida la bomba letu hadi nyuzi 50 kunakula karibu uniti 3 za umeme. Kwa mteja wa kawaida anayenunua uniti kwa shilingi 356, hiyo ni zaidi ya 1,000 kwa siku, elfu 32 kwa mwezi. Kwa yule wa daraja la chini, anayepata uniti 75 za mwanzo kwa shilingi 122, hali ni mbaya zaidi kuliko anavyodhani, kwa sababu uniti 3 kila siku ni 90 kwa mwezi. Hita peke yake imeshamtoa kwenye daraja kabla hajawasha taa. Kwa hesabu hiyo kifaa cha milioni moja na nusu kinarudisha hela yake katika miaka minne hivi, lakini ni kama maji hayo yanatumika kila siku. Watu wawili nyumbani wanaooga maji moto Julai tu? Nunua sufuria kubwa.

Ukishaamua, shughuli yetu huku kusini ni chumvi. Visima vingi vya karibu na pwani vina maji ya chumvi, na chumvi inatafuna hata chuma kinachoitwa hakishiki kutu. Ndani ya tangi kunakaa fimbo ya magnesiamu ambayo kazi yake ni kuliwa badala ya tangi. Mwulize muuzaji kama ipo na kama anauza ya kubadilisha. Mwambie pia fundi aifungue kila mwaka: ikibaki waya mtupu, weka mpya. Halafu soma waranti, maana nyingi zinatoa nje uharibifu wa maji ya chumvi, na hicho ndicho kitu chenyewe kitakachokupata. Ndugu zetu wa Newala wanaovuna maji ya mvua hapo wametuzidi.

Mirija ielekezwe kaskazini. Tuko kama nyuzi 10 kusini mwa ikweta, na Juni na Julai, ambapo maji moto yanatakiwa hasa, jua linapita upande huo. Mlalo wa nyuzi 20 hadi 30 unatosha. Na fundi asikubali kujaza maji saa sita mchana. Mirija mikavu iliyoshinda juani inakuwa na joto kali, na maji baridi yakiingia ghafla, kioo kinapasuka. Jaza alfajiri, au ifunike kwa turubai. Maji ya moto yashuke kwa PPR, kwani PVC ya kawaida inalegea na kuning'inia. Weka na koki ya kuchanganyia. Maji ya tangi siku ya jua kali yanaweza kumbabua mtoto.

Kuhusu wakati wa kununua: jedwali la misamaha linaweza kuguswa kila bajeti. Muswada wa fedha unasomwa Juni, sheria inaanza Julai mosi. Wengi wetu hela tunazishika baada ya minada ya korosho, mwezi wa kumi na moja hivi, na profoma tunazo za Mei. Omba mpya, yenye tarehe ya baada ya Julai, na mstari wa mirija uusome tena.