Land Cruiser iliyolala nyuma
Kaka, umeuliza kuhusu ile Land Cruiser yako ya zamani iliyolala nyuma na kurusharusha abiria njia ya Kigoma–Uvinza: usikimbilie shokapu mpya ukitegemea ziinyanyue. Shokapu hutuliza mdundo tu. Mzigo hubebwa na springi. Paki palipo tambarare, gari likiwa tupu, pima toka katikati ya tairi hadi ukingo wa madigadi, kulia na kushoto, uone limelala kiasi gani. Springi zikiwa zimenyooka badala ya kupinda, badilisha zote mbili, za uzito unaobeba kweli. Kuongeza jani (bapa la chuma la springi) kutainua gari, sawa, lakini litakuwa gumu kama mkokoteni. Tena bushi za mpira, zile za kwenye maungio ya springi, zikazwe gari likiwa limekanyaga chini, tafadhali, la sivyo zitachanika mapema.