Kwa wadogo zangu mnaoanza usaidizi wa kisheria: muulize kwanza saa

Mwaka wangu wa kwanza katika kazi hii hapa Tanga, alinijia mama mmoja wa Makorora asubuhi na mapema. Kanga kaifunga kwa haraka, mkononi kashika chupa ya chai na chapati za mwanawe aliyelala mahabusu. Nikamkalisha, nikaanza kumsomea Katiba. Ibara ya 15, uhuru wa mtu binafsi. Ibara ya 13, mtu asihesabiwe mkosaji mpaka ithibitike, na asiteswe. Nilisoma kwa moyo wote, naye akawa ananitazama tu.

Bibi mmoja aliyenitangulia kazini, ambaye ofisi nzima humwita Shangazi, akavuta kiti. "Pole mwanangu. Wamemchukua saa ngapi?"

"Jana, baada ya Isha."

"Baada ya Isha pale pale, au watu walishalala?"

Wakahesabu pamoja. Watu walikuwa wametoka msikitini, muuza mihogo alikuwa hajafunga. Hesabu yao ikaishia saa 2:30 usiku, Shangazi akaiandika kwenye karatasi. Tukaenda kituoni, tukasalimia kwa heshima, tukasema: kijana wetu fulani, alikamatwa jana saa 2:30 usiku, tumekuja kuulizia dhamana. Afande akatazama kitabu, kisha akatazama saa ya ukutani. Alasiri ile kijana alitoka kwa mdhamini mwenye barua ya serikali ya mtaa. Hatukutoa hata senti, kwa sababu dhamana hailipiwi.

Nawaandikia haya kwa kuwa wengi mnakuja kama nilivyokuja mimi, vichwa vimejaa ibara. Ni vizuri kuzijua. Lakini haki za kwenye Katiba humfikia mtu wa Makorora kupitia sheria za kawaida, na sheria hizo zinahesabu saa na siku. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka aliyekamatwa bila hati ya kukamata afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Ikionekana haitawezekana, polisi wampe dhamana, isipokuwa kwa makosa mazito. Muda wa msingi wa kumhoji ni saa 4 tangu alipowekwa chini ya ulinzi, nao unaweza kuongezwa. Muda wa kumsafirisha au kumsubiri wakili wake hauhesabiwi. Mahakama ya Rufani imewahi kuyatupa maungamo yaliyochukuliwa nje ya muda huo. Kwa hiyo ile saa uliyoiandika asubuhi kwa kumwuliza mama habari za muuza mihogo inaweza kuja kuamua kesi miaka miwili baadaye. Na andika "saa 3 usiku", usiandike "saa 3" peke yake. Kitabuni unaweza kukuta 2100, na hapo ndipo watu hubishana bure.

Namba za vifungu msizikariri sana, maana toleo jipya la sheria likitoka namba huhama. Muda ndio wa kukariri.

Hili nililipia, tena aliyelipa hasa ni mtu mwingine. Alikuja mfanyakazi wa shamba la mkonge, kaachishwa kazi kwa maneno tu, bila barua. Nikamwambia akatafute kwanza hati za mshahara na mtu wa kumshuhudia, arudi wiki ijayo. Alirudi na kila kitu, kavikunja vizuri ndani ya mfuko wa nailoni. Sikuwa nimemwuliza alifukuzwa lini. Mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Madai mengine ya kazi yana siku 60. Siku aliyokuja mara ya kwanza ilikuwa ya 26. Aliporudi ilikuwa ya 33. Ikabidi tuombe kuongezewa muda, na ombi hilo linataka sababu ya kuchelewa. Sababu niliiandika kwa mkono wangu: aliambiwa na msaidizi wa kisheria arudi baadaye. Fungua shauri kwanza jamani, vielelezo vitafuata.

Msidhani naidharau Katiba. Haki hizi ziliingizwa humo mwaka 1984, na hata hapo mahakama hazikuweza kuzisimamia mpaka 1988. Shauri la Kikatiba huenda Mahakama Kuu, chini ya sheria ya 1994, na kwa kawaida husikilizwa na majaji watatu. Hiyo ni kazi ya mawakili, na ni ya lazima pale sheria yenyewe ndiyo inayoumiza. Rebeca Gyumi, mtetezi wa haki za wasichana, alivipinga vifungu vya Sheria ya Ndoa vilivyoruhusu binti aolewe kabla ya miaka 18, Mahakama Kuu ikakubaliana naye 2016, na Mahakama ya Rufani ikaushikilia uamuzi huo 2019. Mzee akija na posa ya binti wa miaka 15, mwelezeni hilo kwa upole, kisha kwa uthabiti.

Kwa kina mama wanaoachwa mikono mitupu, someni kesi ya Bi Hawa Mohamed ya 1983. Jaji Mkuu Nyalali alisema kazi za nyumbani nazo ni mchango katika mali ya ndoa. Isomeni mpaka mwisho, kwa sababu Bi Hawa mwenyewe hakuambulia mgao: fedha alizopewa na mumewe alizitumia vibaya. Mkimwahidi mama nusu ya nyumba kwa kutaja jina la kesi hiyo tu, mtamvunja moyo.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ndiyo inayotutambua. Tunaelimisha, tunasaidia kuandaa nyaraka, tunamwelekeza mtu pa kwenda. Hatusimami mahakamani kama mawakili, wala hatumtozi mtu. Hata akikuletea kuku kwa shukrani, mrudishie kwa maneno mazuri.

Na kuna Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, inayopokea malalamiko dhidi ya watendaji wa umma bila malipo. Watu wakiisikia redioni huja wanataka wapelekwe huko siku hiyo hiyo. Lakini haiingilii jambo lililokwisha kufika mahakamani. Kabla hujamwandikia mtu barua ya Tume, mwulize kama kuna kesi iliyofunguliwa, wapi, na lini.